Kigoma: nina namba 1,400 kwenye simu, kazi ikitokea hapigi hata mmoja. Koneksheni ya kweli inajengwaje?

#1 FundiSola Mwanga

Salaam wakuu.

Mimi ni fundi umeme na sola, nipo Mwanga hapa Kigoma mjini, mwaka wa tano sasa. VETA nimepita, leseni ya EWURA ninayo, vifaa ninavyo. Simu yangu ina namba 1,400 na ushee. Semina ya wajasiriamali hainipiti, kikao cha vijana hakinipiti. Nagawa kadi, nachukua namba, jioni namtumia kila mtu ujumbe: "Habari, ni fundi tuliyeonana leo, karibu kwa kazi zote za umeme." Mwezi uliopita nilituma sitini. Walijibu wanne, na wawili kati yao waliuliza, "Nani mwenzangu?"

Kilichoniuma ni hiki. Mkabala na ninapokaa, hatua hazifiki arobaini, kuna mama amejenga gesti ya vyumba kumi na viwili. Tunasalimiana kila asubuhi. Juzi namwona fundi kutoka Kasulu anashusha roli za waya na mabomba ya plastiki. Nikamfuata mama, nikamuuliza kwa adabu. Akaniambia, "Kumbe na wewe ni fundi umeme, mwanangu? Mimi nilimuuliza jirani, akanipa huyu."

Kadi yangu alikuwa nayo. Nilimpa kwa mkono wangu mwezi wa tatu.

Nauliza bila kuzunguka: ile koneksheni ya kikazi ambayo mtu anakutaja wewe hata haupo, inajengwaje? Nakosea wapi?

#2 Kipepeo wa Gungu

Namba 1,400! Mkuu, wewe ni fundi au wakala wa laini? Natega sikio hapa, na mimi ni mhanga.

#3 Mwisho wa Reli

Mleta uzi, usijitese. Koneksheni ni damu. Mwaka 2021 nilifanya usaili kwenye ofisi moja, siitaji. Tulibaki watatu. Mmoja wa waliotusaili alinipigia jioni kunipongeza kabisa, nikamwambia mama yangu, akachinja kuku. Jumatatu nafasi ikawa ya mpwa wa bosi, mimi nikaambiwa "tutakutafuta". Mpaka leo.

Huyo fundi wa Kasulu mfuatilie vizuri. Utakuta ni ukoo.

#4 MamaDagaa

Hamjambo wanangu. Shule yangu iliishia la saba, ila dagaa nauza mwaka wa kumi na tisa huu, kwa hiyo haya nimeyaishi.

Biashara yetu Kibirizi inakwenda kwa mali kauli. Unachukua mzigo kwa neno lako tu, ukiuza unarudisha hela ya mwenye boti. Hakuna karatasi. Sasa mtu hakupi mali kauli kwa sababu ana namba yako. Anakupa kwa sababu ulichukua kidogo ukarudisha, ukachukua tena ukarudisha, na siku uliyochelewa ulikwenda mwenyewe kumwambia kabla hajakutafuta.

Nina mteja wangu Tabora. Tulianza na gunia mbili. Mara ya tatu nampelekea sita kwa treni, mvua ikatukuta wakati wa kupakia, gunia moja likaloa upande wa chini. Dagaa wakishakauka halafu wakaloa, siku mbili tu wanaanza kunuka na kugeuka rangi ya kutu. Ningeweza kunyamaza. Lilikuwa katikati ya mengine, asingejua limeloa Kigoma au njiani. Nikampigia treni haijatoka: "Lile lenye kamba nyekundu limeloa. Lifungue la kwanza, lianike, ulipe unachoona kinafaa." Akalipa nusu. Hatukulizungumza tena.

Mwaka 2024 ziwa likafungwa, 15 Mei mpaka 15 Agosti. Wateja niliokuwa nawaita marafiki, simu kimya. Huyu wa gunia lililoloa alinipigia wiki ya pili: "Mama, huko mawese yapo? Nakutumia hela, nitafutie." Wanangu walikula kwa mawese miezi mitatu ile. Kabila mbalimbali, dini mbalimbali, na mpaka leo hajawahi kukanyaga kwangu. Mwisho wa Reli, damu hapo iko wapi mwanangu?

#5 Mwisho wa Reli

Shikamoo mama. Hiyo ni biashara, mimi nazungumzia ajira. Kwenye biashara yule mteja analinda mfuko wake, lazima atafute mtu mkweli. Kwenye ajira bosi halipi mshahara kwa hela yake. Akimweka mpwa asiyejua kazi, hasara ni ya ofisi. Ndiyo maana nasema damu.

#6 Karani wa Zamani

Nimefanya kazi za utumishi miaka kumi na moja, Tabora kisha hapa Kigoma. Mwisho wa Reli, pole kwa yaliyokukuta, nimeyaona kwa macho. Ila huo ni upendeleo, na mleta uzi ameuliza mahusiano. Upendeleo unampa nafasi asiyeistahili. Mahusiano yanampa anayestahili nafasi ya kuonekana. Mtu wa kwanza anaomba afichwe, wa pili anaomba atazamwe.

Na siyo kweli kwamba ndugu ndio wanaotoa kazi nyingi. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha makala kutokana na watu waliopata kazi kwa kuambiwa na mtu. Aliwauliza: huyo aliyekwambia, mlikuwa mnaonana mara ngapi? Waliokuwa wanaonana mara kwa mara, yaani mara mbili kwa wiki au zaidi, hawakufika 17 kati ya 100. Asilimia 55.6 walionana mara chache. Karibu 28 walionana kwa nadra sana, mara moja kwa mwaka au pungufu.

Sababu mtu yeyote wa kijiweni ataielewa. Ndugu na rafiki wa karibu mnakunywa kahawa benchi moja, habari anazosikia yeye ndizo unazosikia wewe. Mtu wa mbali anatoka kijiwe kingine.

#7 Mtu wa Miradi

Karani, takwimu ni sahihi ila malizia. Wale walikuwa wataalamu na mameneja wa Newton, mji ulio kando ya Boston. Hawakuwa mafundi wa Mwanga.

Mwaka 2022 ukatoka utafiti mkubwa zaidi uliofanywa ndani ya LinkedIn, ule mtandao wa mambo ya kazi, watu milioni 20, kwa miaka mitano. Ukaonyesha kwamba anayesaidia zaidi kupata kazi ni mtu wa mbali kiasi. Wa mbali mno hasaidii kama huyo. Na kwenye sekta ambazo hazijazama sana kwenye kompyuta, watu wa karibu ndio walisaidia zaidi. Kwa hiyo kwa fundi wetu, yule jirani mmoja wa mama mwenye gesti huenda ana uzito kuliko namba zote 1,400.

#8 Kipepeo wa Gungu

"Mbali kiasi" ndiyo wapi? Kigoma na Uvinza, au Kigoma na Tabora?

#9 Mtu wa Miradi

Mtu mnayefahamiana kupitia watu kadhaa wa pamoja, lakini hamshindi wote. Mfikirie yule mteja wa MamaDagaa kwenye mzigo wa tatu na wa nne.

#10 Mnyanyembe

Mmetaja Tabora, nimeitika.

Wakuu, haya mambo si mapya. Wazee wetu Wanyamwezi walibeba mizigo mpaka pwani, miezi njiani, wakipita kwa watu wasiowajua. Wangefikaje bila koneksheni? Walikuwa na utani na makabila ya njiani, ukifika una pa kulala na pa kula hata kama humjui mtu. Na walikuwa na undugu wa kuchanjiana. Stanley alipomwona Livingstone pale Ujiji mwaka 1871, akachanjiana damu na mtemi Mirambo, wakawa ndugu. Hakuna kadi, hakuna semina ya hotelini.

#11 Chaki Nyeupe

Mnyanyembe, historia nimeifundisha miaka thelathini na miwili, niruhusu nikurekebishe. Mwaka 1871 Stanley na Mirambo walikuwa maadui. Stanley alijiunga na Waarabu wa Tabora kumpiga Mirambo, wakashindwa, ndipo akazungukia kusini kwenda Ujiji. Kuchanjiana kulikuja mwaka 1876, kwenye safari yake ya pili.

Nami naona hilo linaipa hoja yako nguvu zaidi. Waliorushiana risasi walichanjiana miaka mitano baadaye kwa sababu kila mmoja alikuwa ameshamwona mwenzake akifanya kazi yake. Mapenzi hayakuwepo pale. Kilichokuwepo ni kila mmoja kujua uzito wa mwenzake.

#12 Mnyanyembe

Ahsante mwalimu. Iwe 1876.

#13 Kipepeo wa Gungu

Mwalimu, kwa kuwa upo hapa: ule mwembe wa Ujiji walipokutana Stanley na Livingstone ndio ule ule?

#14 Chaki Nyeupe

Wenyewe ulishakufa. Iliyopo ni miti ya vipandikizi vyake. Turudi kwa fundi.

#15 Binti wa Heru Juu

Naomba niseme la upande wetu, maana mnaizungumzia koneksheni kama njia moja ambayo kila mtu anaipita.

Mimi ni mhasibu. Nilipomaliza chuo nilishauriwa nijipendekeze kwa wakubwa, "watu wazito". Mkubwa mmoja akaniambia kuna nafasi, tuonane jioni tuizungumze. Nikamuuliza kwa nini isiwe saa nne asubuhi ofisini kwake. Nafasi ikayeyuka hapo hapo. Kwa mwanamke, kupanda juu peke yako kutafuta watu wazito kuna mtego ambao kaka zangu hamuuoni.

Kilichonisaidia ni watu wa rika langu. Tulikuwa kumi na mmoja, tulisomea pamoja mitihani ya NBAA. Tukaanzisha kundi la WhatsApp na sharti moja: huruhusiwi kutuma picha za "asubuhi njema", unatuma swali la kazi au jibu la kazi. Saa tano za usiku mtu anauliza, "Hesabu za benki hazioani na daftari kwa elfu tisini, mmeshakutana na hii?" Dakika kumi mtu wa Kibondo amejibu: "Tisini inagawanyika kwa tisa, angalia kama kuna mahali umebadilisha nafasi za tarakimu." Kweli, ilikuwa 210,000 imeandikwa 120,000. Siwezi kuisahau.

Sasa wale kumi wameshakuwa wakubwa sehemu mbalimbali. Kazi yangu ya sasa niliambiwa na mmoja wao. Hakunifanyia fadhila. Alikuwa ameshaniona ninavyofikiri kwa miaka sita.

#16 Mkandarasi Daraja la Saba

Fundi, watu kama mimi ndio unaotutafuta, kwa hiyo nikueleze tunavyochagua. Nina kampuni ndogo, daraja la saba, kila kazi nachukua mafundi. Kadi zenu naziweka kwenye dashibodi ya gari, jua linazifuta maandishi. Siwadharau, ndivyo ilivyo.

Nilijenga vyumba vya darasa huko wilayani. Fundi umeme alikuwa kijana mmoja mkimya. Siku ya kukabidhi akaniletea waya uliobaki. Ameukunja duara safi, ameufunga kwa utepe mweusi sehemu tatu, na kipande cha karatasi: "2.5, zimebaki mita 14." Wakuu, kwenye kazi zetu waya uliobaki una miguu. Fundi anauhesabu ni posho yake, na mimi nishazoea kuupigia hesabu ya hasara toka mwanzo. Nilisimama pale na ule waya mkononi sijui niseme nini.

Ukihesabu na hilo, mpaka sasa ameshafanya majengo yangu matano. Kwenye simu sijamwandika kwa jina la baba yake. Nimemwandika "Mita Kumi na Nne". Nikiulizwa na mkandarasi mwenzangu, namtaja huyo kabla swali halijaisha.

#17 Mwisho wa Reli

Mkandarasi, hadithi nzuri na nakuamini. Swali moja: siku ya kwanza kabisa huyo kijana ulimpata kwa nani?

#18 Mkandarasi Daraja la Saba

Aliletwa na shemeji yangu.

#19 Mwisho wa Reli

Ahsante.

#20 Karani wa Zamani

Shemeji alimfungulia mlango mara moja. Majengo manne yaliyofuata alijifungulia mwenyewe. Tusiruke hilo.

#21 Mwisho wa Reli

Na asiye na shemeji anaanzia wapi hayo manne? Hapo ndipo mimi nilipokwama.

#22 FundiSola Mwanga

Wakuu, nasoma kila neno. MamaDagaa na Mkandarasi wamenigusa, ila swali la Mwisho wa Reli ndilo langu pia. Mimi ukoo wangu wote ni wakulima wa mihogo na maharage, hakuna hata mmoja anayejenga. Msibani naenda, rambirambi natoa, harusi nachanga. Mbona hainirudii?

#23 Mnyanyembe

Msibani unafanya nini ukifika? Unakaa kwenye turubai na simu, au unachukua jembe makaburini na kufunga taa za usiku? Fundi umeme msibani ana kazi yake inayoonekana na watu wote. Kwetu Ipuli kuna kijana akisikia msiba anabeba waya na taa, hasubiri kuombwa. Mtaa mzima unamjua.

#24 Binti wa Heru Juu

Mnyanyembe, hapo nakupinga kwa nguvu. Mtu akienda msibani na waya ili aonekane, msiba umekuwa tangazo. Afunge taa kwa sababu wafiwa wamekaa gizani. Wakimkumbuka sawa, wasipomkumbuka sawa.

#25 Mtu wa Miradi

Nami niseme langu. Nimefanya kazi kwenye miradi ya wakimbizi, Nyarugusu na kwingineko. Kambi ile ipo tangu 1996 lakini mikataba yetu ni ya miezi kumi na miwili, wakati mwingine sita. Mnakula pamoja, mnaugua malaria pamoja, mradi ukifungwa kila mtu anashika njia yake na mnasahauliana. Nilipoteza watu wazuri hivyo.

Siku hizi nina daftari. Kila mwisho wa mwezi napiga simu kwa watu watatu wa miradi iliyokwisha, ambao sina shida nao kabisa. Nauliza mtoto aliyekuwa na pumu anaendeleaje, ule utafiti wa maji uliishia wapi. Kama nimesoma tangazo linalomfaa, namtumia. Ukipiga simu tu siku una shida, mtu akiona jina lako anajua kuna mzigo unakuja.

#26 Mwisho wa Reli

Kwa daftari? Huo ni urafiki au ufugaji?

#27 Binti wa Heru Juu

Na mimi linanisumbua hilo la daftari, kusema kweli. Siku nikijua nimepigiwa kwa sababu ilikuwa zamu yangu, moyo utashuka.

#28 MamaDagaa

Wanangu, swala ina wakati wake na bado inatoka moyoni. Mimi simu za wateja napiga Jumapili jioni, dagaa zimeshaanuliwa. Nisipoweka siku, sitapiga, kwa sababu maisha yana mambo. Anayenipokea hajalalamika.

#29 Chaki Nyeupe

Kuna jambo moja halijaguswa, na ndilo lililonifanya nifunge milango kwa baadhi ya vijana.

Mtu akikuunganisha na mtu, rudi umwambie ilikuwaje. Nilikuwa na mwanafunzi wangu wa zamani, akili nyingi, mikono myepesi. Nikampa barua ampelekee rafiki yangu Tabora, kwenye karakana moja. Sikusikia kitu. Nikadhani amekataliwa, na nikaona haya hata kumpigia rafiki yangu. Mwaka na zaidi baadaye nakutana na kijana stendi amevaa ovaroli ya pale pale. Alipata kazi wiki ile ile. Alinisalimia vizuri sana, hakukumbuka kabisa kwamba alitakiwa kuniambia.

Sikudai soda wala shukrani. Ila nilipomwandikia barua ile niliweka jina langu rehani, na mwenye rehani ana haki ya kujua. Aliponiomba mara ya pili, kwa ajili ya mdogo wake, kalamu ilikuwa nzito.

#30 Mwisho wa Reli

Mwalimu, hili nalikubali lote. Na nimegundua kuna mtu sijamrudia. Yule aliyenipongeza kwa simu mwaka 2021 hakuwa na kosa, nami niliikata namba yake kwa hasira. Ngoja.

#31 FundiSola Mwanga

Wakuu, nimerudi. Samahani kwa kimya cha siku nne, nilikuwa nafuatilia.

Nilikwenda kwa yule jirani aliyempa mama jina la fundi wa Kasulu. Sikwenda kulalamika, nilimsalimia, nikamwambia natamani kujifunza. Mzee wa watu akanikaribisha kiti. Akaniambia mwaka juzi usiku breka yake ilikuwa inakatika kila akiwasha friji, akampigia yule kijana aliyekuwa mjini kwa kazi nyingine. Kijana akaja saa tatu usiku, akakuta waya umelegea kwenye soketi, akaukaza, akakataa hela. Akamwambia, "Mzee, hiyo ni skrubu moja."

Nikamshukuru. Nilipokuwa nainuka akaongeza, "Halafu mama yake na mke wangu wanaimba kwaya moja miaka mingi."

Kwa hiyo sijui niwaambie nini. Kila mmoja hapa ana ushahidi wake.

#32 Mwisho wa Reli

Kwaya! Nilisema.

#33 Mkandarasi Daraja la Saba

Skrubu! Nilisema.

#34 Karani wa Zamani

Mama yake anaimba kwaya na wamama wengine wangapi? Mbona watoto wao wote si mafundi wa gesti?

#35 Mtu wa Miradi

Na yule mama wa gesti alikuona kila asubuhi, hakujua unafanya kazi gani. Fundi, hilo usilipite haraka. Alikuwa na kadi yako, ila hakuwahi kukuona na bisibisi.

#36 Kipepeo wa Gungu

Fundi, samahani kwa kutoka kidogo nje ya mada. Sola yangu taa zinazima saa nne usiku, zamani zilifika alfajiri. Ninunue betri mpya?

#37 FundiSola Mwanga

Usinunue kwanza. Betri ni ya maji? Ina miaka mingapi? Kama ni ya maji, vaa glavu, fungua vifuniko, usisogeze moto wala sigara. Angalia kama maji yamefunika sahani za ndani. Yakiwa chini ongeza maji ya betri, siyo asidi, siyo ya bomba. Paneli ifute asubuhi kabla haijapata moto, Gungu vumbi ni jingi kiangazi. Kisha kaa siku tatu, uandike kila usiku zimezima saa ngapi, uniambie. Kama sahani zimekaa wazi muda mrefu, hapo ndipo tutazungumza betri.

#38 Kipepeo wa Gungu

Ina miaka minne, ya maji. Vitundu viwili kati ya sita vilikuwa vimekauka kabisa! Nimeongeza, nimefuta paneli. Jana zimefika saa sita na robo. Naendelea kuandika. Na shangazi yangu ana duka la dawa Ujiji, ya kwake inamsumbua mwezi wa pili, friji la dawa linazima mchana. Nimempa namba yako.

#39 Mwisho wa Reli

Shangazi. Mnaona lakini?

#40 FundiSola Mwanga

Shangazi yake huyo, wangu analima mihogo. Kipepeo ahsante, nitakwenda Ujiji kesho saa tatu, na jioni nitakwambia nimekuta nini.